Maswali ya Wakulima: Planta ipimwe uani kabla ya mvua

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Ninalima ekari 20 za mahindi nje kidogo ya Mafinga. Mwaka juzi nilinunua planta (mashine ya kupandia mbegu) ya mistari miwili ya kuvutwa na trekta, iliyokwisha kutumika Ulaya. Kitabu chake kinaelekeza ikaguliwe mwezi Machi, kabla ya majira ya machipuko. Msimu uliopita mahindi yaliota kwa mapengo, tena mstari mmoja ukawa mbovu kuliko mwenzake, ingawa mbegu ilikuwa mpya. Nianzie wapi, na lini?

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji. Kitabu hicho kiliandikiwa watu ambao mwezi Machi ndiyo kwanza baridi inawaachia na udongo unaanza kupata joto, ilhali kwetu Nyanda za Juu Kusini mwezi huo mahindi yako shambani yanabeba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Machi ya kitabu ni Septemba yako. Nasema Septemba kwa sababu beringi ikihitajika kuagizwa Dar es Salaam, au ekseli ikihitaji kukerezwa, itachukua wiki kadhaa, na ukisubiri Novemba utamkuta fundi amezungukwa na foleni ya wenzako.

Kwa kuwa mstari mmoja ndio uliozidi ubovu, usifungue kitu kabla ya kuilinganisha hiyo miwili. Anza na mirija inayoshusha mbegu. Niliwahi kuitwa kutazama planta ya jamaa yangu ambayo kila mtu alikwisha kuihukumu kuwa imechakaa. Nilipopitisha waya ndani ya mrija, ukadondoka udongo mkavu wa kiota cha nyigu, mkubwa kama kidole gumba. Mbegu zilikuwa zikikwama hapo, kisha zikishuka tatu kwa pamoja kila trekta iliporuka tuta. Baada ya mirija, tazama sahani za mbegu zilizo chini ya masanduku: zote mbili ziwe za namba moja, zisiwe na tundu lililolika, na kila tundu lipokee punje moja kwa nafasi kidogo, si mbili. Tumia punje za mfuko uleule utakaoupanda, kwa maana ukubwa na umbo la punje hutofautiana kati ya mfuko na mfuko hata kama jina la mbegu ni lile lile. Vaa glovu, kwani rangi iliyo juu ya mbegu ni dawa, na mbegu zinazobaki wasipewe kuku.

Mnyororo unaozungusha sahani, ukiwa na pingili zilizokakamaa, huruka meno na kuacha pengo. Uloweke katika oili usiku kucha, na pingili isiyolegea ibadilishwe. Diski mbili zinazofungua mfereji nazo zinapaswa kugusana kwa mbele. Zikilika huachana, mfereji ukabaki na kigongo katikati, na mbegu ikakaa juu ya kigongo badala ya kulala kwenye kina chake cha sentimita 5 hivi. Sanduku la mbolea, ikiwa halikuoshwa msimu uliopita, utalikuta na mabonge magumu kama saruji na kutu chini yake. Hilo halihitaji maelezo marefu, likwanguliwe tu.

Sasa kipimo chenyewe. Inua planta kwa jeki hadi gurudumu linaloendesha sahani liache ardhi, pima mzingo wake kwa utepe, tia mbegu na mbolea, kisha lizungushe kwa mkono mara 10 huku umekinga chombo chini ya kila mrija. Tuseme mzingo ni mita 2: utakuwa umekwenda mita 20. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, kila mstari unapaswa kutoa punje zipatazo 67. Na ukikusudia mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 kwa ekari, utapata gramu zinazokaribia 185 kwa kila mstari. Mstari ukitoa punje 60 badala ya 67, umepoteza moja ya kumi, ambayo katika ekari yenye mimea kama 18,000 ni mimea 1,800. Rudia mara tatu, kisha jaribu tena kwenye udongo uliolimwa, kwa sababu gurudumu huteleza na hesabu ya uani hupungua kidogo. Dereva naye aambiwe mapema: kila mita 100 azipite kwa muda usiopungua dakika moja.

SWALI: Mpwa wangu ananishawishi ninunue kifaa cha elektroniki kinachohesabu mbegu ndani ya planta. Nina ekari 12 Mbozi na planta ya mistari miwili. Je, kitanilipa?

JIBU: Kwa ekari 12, sidhani. Kifaa hicho huhesabu punje zinapokatiza mwanga ndani ya mrija, na vumbi likikiziba kinakudanganya. Humfaa dereva mwenye mistari mingi asiyeweza kuitazama yote. Wewe mwenye mistari miwili, mtu mmoja akifukua mita moja ya mstari kila baada ya mita 100, atayaona yaleyale. Mwambie mpwa wako atumie simu yake kupima eneo, akizunguka mpaka wa shamba na programu ya ramani. Mashamba mengi tunayoyaita ekari 3 yalipimwa kwa hatua za babu, na mwenye trekta hulipwa kwa ekari. Shamba likiwa dogo sana, tumia utepe, kwani simu hukosea mita kadhaa.

SWALI: Ninapanda kwa jembe na kamba huko Makete, penye miteremko. Nimebakiza mbegu za mwaka jana, nilizihifadhi darini juu ya jiko. Zitaota?

JIBU: Joto na moshi wa jiko huzidhoofisha, kwa hiyo zijaribu. Hesabu punje 100, zifungie katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku 7 hesabu zilizoota vizuri. Zikiwa chini ya 85, nunua mpya yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kamba yako pia uipime upya vifundo vyake, hasa ikiwa ni ya nailoni, maana hutanuka ikivutwa, na sentimita 30 za mwaka juzi huenda leo zimekuwa 34.