Usiguse huo uzio kabla FSA hawajaukagua

Mkuu, mzuie huyo mkandarasi leo, usingoje Jumatatu. Umeuliza LIP, mpango wa fidia ya mifugo wa FSA (wakala wa mashamba wa serikali ya Marekani), inalipa kiasi gani kwa ng'ombe 11 waliokufa kwenye mafuriko, na kama nyasi kavu zilizolowa zina fidia. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema mafundi wanakuja kung'oa seng'enge iliyolala na kusimika mpya, "risiti nitawapelekea FSA baadaye". Hapo ndipo utakapozama.

Uzio haulipwi na LIP. Unalipwa na ECP, mpango wa dharura wa kukarabati ardhi ya kilimo, na ECP huchangia kazi iliyoombewa kwanza. Unaomba, wanakuja kukagua, kamati ya kaunti inaidhinisha, ndipo unasimika nguzo ya kwanza. Kazi iliyoanza kabla ya hapo kwa kawaida hailipwi hata senti, hata uwe na risiti za kujaza debe. Mkaguzi anatakiwa apime futi ngapi zimeanguka na aridhike kwamba ni maji yaliyoangusha, si uzee wa nguzo. Kuna na tathmini ya mazingira, maana unachimba ardhi kando ya kijito. Ukishang'oa kila kitu, atakagua upepo?

Piga hesabu. Uzio wa dola 40,000: ECP huchangia hadi asilimia 75, yaani 30,000 (mkulima anayeanza, au mwenye uwezo mdogo, hadi asilimia 90). Ukitanguliza mafundi unapata sifuri. Mimi ndivyo nilivyofanya, nikapata sifuri. Uzio mzuri ajabu, wangu huo, natamani kuuwekea fremu.

Na huyo aliyekwambia "anza tu, serikali italipa" namfahamu bila kuonana naye. Anauza nguzo au ana mashine ya kuchimbia mashimo, na mafuriko kwake ni msimu wa mavuno. Wa kwangu alinipa na punguzo la bei. Punguzo!

Sasa fanya hivi. Piga simu ofisi ya FSA ya kaunti yako, sema una uharibifu wa uzio, nenda na namba ya shamba na ya kipande cha ardhi, ujaze fomu ya maombi, FSA-848. Kama ECP haijafunguliwa kwenye kaunti yenu, waambie hivyo hivyo uharibifu wako, kwa sababu kamati inahitaji taarifa za wakulima ili iombe mpango ufunguliwe. Baada ya majanga makubwa huwa wanaruhusu wengine kuanza mapema. Ruhusa hiyo uipate kwa maandishi, ya mdomo haina kazi. Ng'ombe waliobaki wazungushie waya wa umeme wa muda, upande wa ndani, mbali na mstari wa zamani. Magogo na takataka zilizoletwa na maji malishoni usizichome, nazo zinaingia ECP. Banda haliingii.

Kama huna mtaji, omba malipo ya awali: kwa uzio wanaweza kutanguliza hadi asilimia 25, lakini fedha hizo uzitumie ndani ya siku 60 la sivyo unazirudisha. Saa zako na za trekta lako zinahesabika pia, ziandike kila siku jioni, si mwezi ukiisha kwa kukisia.

LIP: asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko kwa aina na uzito wa mnyama, na vifo vya kawaida vya mwaka wanavitoa kwanza. Piga picha zenye tarehe kabla hujazika, na tafuta karatasi yoyote inayoonyesha ulikuwa na ng'ombe wangapi kabla ya maji. Nyasi ulizia ELAP, mpango mwingine wa FSA unaofidia chakula cha mifugo, safari hiyo hiyo.

Lakini mkandarasi kwanza. Umeshampigia?