Maswali na Majibu: Ukanda Mweupe si Baraza la Kahawa

Msimu wa futiboli ya Marekani umeanza kwenye shule za sekondari huku Marekani, na barua zimeanza kuingia. Anayetaka kujua tachidauni ni pointi ngapi amuulize mtoto wa jirani. Hapa tunazungumza habari za waamuzi.

*Nimepata leseni mwaka huu, nipo Columbus. Nimepangwa mwamuzi wa pembeni kwenye timu ya waamuzi watano. Nisimame wapi na niangalie nini?*

Simama kwenye mstari wa pembeni, mkabala na pale mpira ulipowekwa, upate kuuona ule upenyo mwembamba unaotenganisha timu mbili. Mpira haujachezwa bado, lakini kazi umeshaianza: mtazame mpokeaji pasi wa upande wako aliye nje kabisa. Yupo kwenye mstari wa mpira au amerudi nyuma? Akiwa nyuma, nyoosha mkono kuelekea upande wa timu yake, ili mwenzako wa ng'ambo aone na ajue hesabu ya walio kwenye mstari huo. Usinyooshe kwa mazoea. Nimeona vijana wamenyoosha mkono kama wanasimamisha daladala, na mchezaji yupo mbele kabisa.

Mpira ukishatoka kwa senta, yule anayeupitisha nyuma kuanzisha mchezo, sahau mpira. Narudia, maana hili ndilo linalowashinda wengi: sahau mpira. Mtazame yule mzuiaji mkubwa wa mwisho wa upande wako, wa timu yenye mpira. Akisukuma mbele, wanakimbia nao. Akirudi nyuma kama anayekaribisha wageni, ni pasi. Yeye atakwambia mapema kuliko mpira wenyewe.

Mkimbiaji akija upande wako, usimkimbilie. Rudi nyuma, mpishe apite, kisha mfuate. Akiangushwa, ingia kwa pembe mraba na uweke mguu pale alipofika mbele kabisa, hata kama amesukumwa nyuma yadi tatu baada ya hapo. Mpira ukianzia karibu na goli, yadi 5 au chini, wewe nenda moja kwa moja hadi mstari wa goli uwangoje hapo. Ni rahisi kutoka golini kuja nje kuliko kushindana mbio na kijana wa miaka 17.

*Mbona NFL, ligi kuu ya kulipwa, wanatumia waamuzi saba na sekondari watano?*

Pesa na kasi. NFL walifika saba mwaka 1978. Sekondari nyingi hata hao watano hawapatikani, na mkiendelea kuwatukana watapungua zaidi.

*Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya vijana, Minneapolis. Wiki iliyopita tulipigwa adhabu ya yadi 15 kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa amesimama tu pembeni. Hakumgusa mtu kwa makusudi. Haki iko wapi?*

Ndugu yangu, swali hili nililijibu mwaka juzi, nikalijibu mwaka jana, na inaonekana makocha hamsomi. Mbele ya eneo la timu kuna ukanda mweupe wa yadi 2. Mpira ukiwa umesimama, makocha hadi watatu mnaruhusiwa kuingia mle kuongea na wachezaji. Mpira ukiwa hai, mle hamna haki hata ya kivuli. Kwa sheria za sekondari, mara ya kwanza ni onyo, mara ya pili yadi 5, kuanzia ya tatu ni 15 kila mara. Lakini mkigongana na mwamuzi mle ndani mpira ukiwa hai, onyo halipo tena, ni 15 papo hapo. Makusudi hayaulizwi. Wewe umeandika "hakumgusa kwa makusudi", kwa hiyo alimgusa. Kesi imekwisha.

Kwa nini tunakazana hivyo? Ijumaa moja usiku, kwenye uwanja wa shule ambayo siitaji, mkimbiaji alikuja kwangu kwa kasi. Nikarudi nyuma kama nilivyofundishwa, nikajikwaa kwa kocha aliyeshika ubao wa michoro mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili. Kahawa yote ikaishia kwenye shati langu la mistari. Goti likavimba, nikachechemea wiki tatu. Lakini kilichoniuma hasa ni kwamba sikuona mguu wa kijana ulipotoka nje. Nikaweka alama kwa kubahatisha. Timu ilihitaji yadi moja ili ibaki na mpira, na hadi leo sijui kama niliwapa au niliwanyima. Timu yenyewe ilikuwa ya kocha huyohuyo wa kahawa.

Msidhani wakubwa hawafanyi haya. Desemba 2010, Sal Alosi, mkufunzi wa viungo wa New York Jets, alitoa goti pembeni na kumwangusha mchezaji wa Miami Dolphins aliyekuwa akikimbia kando ya mstari. Alifungiwa na kutozwa faini. Novemba 2013, kocha mkuu wa Pittsburgh Steelers, Mike Tomlin, alisimama kwenye ukanda akiuangalia mchezo kwenye luninga kubwa ya uwanjani huku Jacoby Jones wa Baltimore akija mbio na mpira kutoka nyuma yake. Tomlin alimkwepa dakika ya mwisho. Hakupigwa adhabu uwanjani, na hapo waamuzi walikosea, lakini ligi ilimtoza dola 100,000. Kama ukanda unamgharimu Tomlin kiasi hicho, wewe yadi 15 unalalamika nini?

*Mwenye kofia nyeupe si ndiye bosi? Mbona hafuti makosa ya wenzake?*

Kofia nyeupe ndiye msemaji, na mambo yenye utata humalizikia kwake. Lakini anasimama nyuma ya kwotabeki, mrusha pasi, akimlinda asiumizwe. Kushikana kwa wapokeaji yadi 20 mbele yake atakuonaje? Anayetaka refa wa kati aone kila kitu amezoea soka.

*Natazama NFL nikiwa Nairobi. Hivi karne hii bado wanapima kwa mnyororo kama timu imesogea yadi 10 ili ibaki na mpira?*

Kwenye NFL, tangu msimu wa 2025 kipimo kikuu ni kamera za Hawk-Eye, na mnyororo umebaki akiba. Sekondari mnyororo ungalipo, yadi 10 kamili, na watu wake wanasimamiwa na mwamuzi wa upande huo. Wapende. Mtu wa mnyororo akikuamini, hatasogeza fimbo ya mnyororo kabla hujamwambia.

Ila msidanganywe na kamera. Hawk-Eye inapima umbali kutoka mpira ulipowekwa. Anayeuweka bado ni binadamu aliyesimama pembeni, mguu wake ukiwa alama. Akikosea nusu yadi, teknolojia itakipima kosa lake kwa usahihi mkubwa.

*Kitambaa cha njano cha kuashiria faulo kina uzito gani? Nataka kiruke mbali.*

Uzito wa kutosha kuruka, usiotosha kuumiza. Desemba 1999, kitambaa kilichotiwa gololi ndogo kilimpiga Orlando Brown wa Cleveland Browns jichoni, kikipenya kwenye kinga ya kofia. Alikaa nje misimu mitatu na kuishtaki ligi. Tia mchanga au maharage, na urushe juu. Usimrushie mtu.

*Waamuzi wawili wakitoa ishara tofauti inakuwaje?*

Inakuwa kama Seattle, Septemba 24, 2012. Waamuzi wa kawaida wa NFL walikuwa wamefungiwa nje kwa mgogoro wa mkataba, na waliowekwa badala yao walikuwa wawili mbele ya rundo la wachezaji golini. Mmoja akainua mikono miwili, tachidauni. Wa pili, hatua moja tu kutoka kwake, akapunga mikono kusimamisha saa. Tachidauni ikakubaliwa, Seattle Seahawks wakawashinda Green Bay Packers 14 kwa 12, na siku mbili baadaye mgogoro ukamalizwa. Kwenye picha hawatazamani. Mkiwa wawili golini, mtafute mwenzako kwa macho kwanza, mikono ikae chini. Mashabiki watangoja, wamelipia kiti.

*Nivae viatu gani?*

Vyeusi, vya njumu. Na usivivae vipya siku ya mechi. Mimi nilifanya hivyo mechi yangu ya kwanza, na jioni soksi ya kushoto ililazimika kulowekwa kwanza ndipo ikavuka.