Kifaa cha kulinda chumba cha seva kisile chungu kimoja na seva

Ukiniuliza cha kuangalia kwanza unapofunga mfumo wa kufuatilia ukiwa mbali chumba cha seva (kompyuta zinazohudumia ofisi nzima), sitakutajia chapa wala programu. Nitakuuliza hivi: umeme ukikatika sasa hivi, na intaneti ikaondoka pamoja nao, hicho kifaa chako kitakuita kwa njia gani? Katika ofisi nyingi nilizoingia hapa Dar es Salaam, kifaa kimechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika) ileile ya seva, kinatuma barua pepe kupitia ruta ya ofisi, na ruta nayo iko kwenye UPS hiyohiyo. UPS ikizima, vyote vinazima kwa pamoja na simu yako inakaa kimya. Nawe unalala ukidhani mambo ni shwari.

Fuata mtiririko wa usiku mmoja wa kawaida. Umeme unakatika, UPS inabeba seva, AC inazima kwa sababu haiko kwenye UPS (na isiwekwe huko, inakula mno). Seva zinaendelea kutema joto ndani ya chumba kilichofungwa. Kama jenereta imewaka, heri. Isipowaka, usishangae, wakubwa nao yamewakuta: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta ya sehemu ya majengo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, haikuwaka na abiria wakabaki gizani.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni umeme unaporudi. Taa zinawaka, swichi za mtandao zinapepesa, kila mtu anaona mambo yameisha. Ile AC ya ukutani haijarudi. AC nyingi za kawaida hukaa zikisubiri mtu abonyeze rimoti, na hata zile zenye uwezo wa kujiwasha zenyewe, mara nyingi fundi aliyezifunga hakuuwezesha. Kwa hiyo chumba kinachemka huku umeme upo, na mfumo unaopima umeme peke yake utakuambia hakuna tatizo. Ndiyo maana bajeti ikibana, mimi huanza na kihisi joto.

Mahali pa kukiweka pana mambo yake. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Inayoingia, si ya chumba kwa jumla. Basi kihisi kikae mbele ya raki (kabati la chuma la seva), upande wa juu, kwa kuwa joto hupanda. Ukikiweka chini ya pua ya AC kitakusomea nyuzi 19 wakati seva ya juu inaungua, na ukikiweka nyuma ya raki kitapiga kelele kila siku mpaka watu waache kusoma meseji zake. Vihisi vya waya aina ya DS18B20 ni vya bei nafuu, na makosa yake hayazidi nusu nyuzi kwa joto la chumba, kwa hiyo weka viwili. Mimi naweka tahadhari kwenye 28 na dharura kwenye 32. Ongeza kihisi maji sakafuni chini ya AC: kwa unyevu huu wetu wa pwani, bomba la kutolea maji huziba kwa utando unaoteleza, na maji yakikosa njia hushuka ukutani.

Tuje kwenye umeme wa kifaa chenyewe, maana hapo ndipo watu wanapobania fedha. Fanya hesabu. Kifaa kidogo chenye modemu ya simu kinakula kama wati 5. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya mifumo ya kengele za wezi, ina wati-saa 84. Usiikamue yote, chukua nusu. Nusu ni 42, gawa kwa 5, unapata saa nane na kitu. Toa kidogo kwa upotevu ndani ya kibadilishi cha volti, usiku wako umepita. Kama swichi yako ya mtandao inatoa umeme kupitia kebo ya mtandao (PoE), utumie kama chanzo cha kwanza: kiwango cha 802.3af kinafikisha karibu wati 13 kwenye kifaa, zinatosha na kubaki. Ila betri yake ibaki palepale, kwa kuwa swichi nayo itazima.

Kuna ugonjwa mmoja unaochanganya mafundi wengi. Kifaa kinafanya kazi vizuri mchana kutwa, kinasoma joto, kinaonyesha kila kitu kwenye dashibodi, halafu kinajizima na kuwaka upya kila kinapotaka kutuma SMS. Watu wanalaumu programu. Angalia waya. Modemu ya GSM inapoanza kurusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa vipande vifupi sana vya muda, na kebo nyembamba ya USB inaangusha volti. Weka kebo fupi, nene, na kapasita kubwa (kihifadhi kidogo cha umeme) karibu na modemu. Antena itoe nje ya raki, maana raki ni sanduku la chuma.

Kujua kama umeme wa nje upo, usiingize volti 230 kwenye bodi ya kifaa chako hata siku moja. Chukua chaja ya simu, ichomeke kwenye soketi isiyopita UPS, iunganishe na rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), bodi isome rilei tu. Fanya hivyo pia kwenye laini ya AC, kwani breka ya AC huanguka peke yake. Kazi ya laini hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni. Na ukipata meseji ya "hakuna umeme" huku majirani wana taa, kabla hujapiga simu kokote angalia kwanza kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, haijaisha.

Laini ya simu ya kifaa isajiliwe kwa jina la kampuni. Ikisajiliwa kwa jina la kijana wa IT, siku akiondoka anaondoka nayo. Kifurushi chake kiwe kwenye kalenda ya mhasibu, si kwenye kumbukumbu ya mtu.

Hata hivyo betri hufa na minara ya simu huzima umeme ukikatika kwa muda mrefu. Dawa yake ni kugeuza mantiki: kifaa kitume salamu kila dakika 5 kwenda kwenye seva iliyo nje ya jengo, ikiwezekana mji mwingine, na seva hiyo ndiyo ikupigie kelele salamu zikikosekana. Zabbix, programu ya ufuatiliaji, inafanya hivyo bila malipo kwa kipimo chake cha nodata (hakuna data). Kadi ya mtandao ya UPS nayo iunganishe hukohuko kwa SNMP toleo la 3 (lugha ya kufuatilia vifaa vya mtandao), badilisha nywila ya kiwandani, na usiifungulie intaneti moja kwa moja.

Mwisho wa yote meseji inasomwa na mtu, na usiku mtu huyo ni mlinzi. "Temp critical rack 1" haimsaidii. Andika: "Chumba cha seva kina joto, nyuzi 33. Umeme upo. Washa AC kwa rimoti." Rimoti hiyo naifunga kwa kamba ukutani kando ya mlango, na betri zake nabadilisha kila siku ya majaribio, siku ambayo nashusha breka kuu mwenyewe kuona nani atapigiwa simu.