Miche yangu ya kahawa inatambaa, niiongezee mbolea?

SWALI: Mwaka jana nilinunua miche ya kahawa ya vikonyo (vipande vilivyokatwa mtini na kuoteshwa, si mbegu) kwa kijana anayeitembeza kwa pikipiki. Majani ni mabichi kabisa, lakini miche haipandi juu, inatanda pembeni. Nimeifunga kwenye vijiti, bado. Ni upungufu wa mbolea? – Msomaji, Mbozi

JIBU: Ndugu yangu, usiipe mbolea tena. Haina njaa. Vikonyo vyake vilikatwa kwenye matawi ya pembeni, na hilo halina dawa.

Mbuni hukua kwa namna mbili. Shina na machipukizi yake huenda wima. Kitaalamu ni ukuaji wa othotropiki. Matawi hutoka shinani kwa pembe pana na kutanda. Huo ni wa plajiotropiki. Buni hukaa kwenye matawi hayo, na ndipo wauza miche wanapowanasa watu: "Kata kikonyo kwenye tawi lililojaa, upate mti utakaojaa." Uongo mtupu! Tawi huzaa likiwa limebebwa na shina. Ukilipanda peke yake, linabaki tawi. Mbegu ya tawi hilohilo ingemea wima, maana mche wa mbegu huanza upya, ila mbegu ya chotara haishiki sifa za mama kwa uhakika. Ndiyo maana tunatumia vikonyo.

Utazame mche kutoka juu. Kwenye mche wa wima, kila jozi ya majani inakatiza ile iliyo chini yake. Kwenye mche wa tawi, majani yamejipanga bapa, kushoto na kulia tu.

Kuna wanaoshauri ukate ncha ili mche "ushtuke" usimame, na wanaouza dawa ya kupulizia. Ukikata, utaongeza matawi yanayotanda, basi. Ng'oa. Mbuni huanza kuzaa mwaka wa 3 hivi, na muda huo huwezi kuupoteza mara mbili.

Watu haohao ndio wanaowasafishia wakulima mashina kwa kufyeka matawi yote ya chini, wakiahidi yatachipua. Hayachipui! Pale jani linapoungana na shina, tawi la pembeni hutoka mara moja tu. Baadaye utapata machipukizi ya wima peke yake.

Miche ichukue TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) au kwenye kitalu cha kikundi kinachokuonyesha bustani mama. Hapo utaona mashina yaliyoinamishwa na machipukizi yaliyosimama juu yake. Vikonyo hukatwa kwenye machipukizi hayo. Muuzaji asiye na bustani mama ya kukuonyesha, usimpe hata shilingi.