Povu la hamira linawadanganya wapika bia wa nyumbani

SWALI: Habari mtaalamu. Napika bia ya kimea cha shayiri nyumbani hapa Arusha, ndoo ya lita 20. Nilichukua paketi ya hamira kavu ya bia gramu 11.5, nikaitengenezea staata (kianzishio cha kuiamshia hamira) ya maji ya moto na sukari vijiko sita, nusu saa tu ikatoa povu mpaka likamwagika, nikaimimina kwenye ndoo. Leo siku ya tatu ndoo imetulia kimya. Jirani yangu anapika pombe miaka mingi, ananiambia niongeze hamira ya mandazi na kijiko cha urea ndo itaamka. Niweke?

JIBU: Usiweke ndugu yangu. Wala hiyo ya mandazi, wala urea. Funika ndoo kwanza tuongee.

Hili swali la povu naletewa karibu kila wiki na linaniumiza kwa sababu watu wanamwaga bia nzuri kwa kuliamini povu. Povu linakwambia kuna seli za hamira zinakula sukari, basi. Halikwambii ngapi zimekufa wala hizo zilizobaki zina nguvu kiasi gani. Kuna kijana aliniletea chupa ya staata yake inatoa povu zuri kabisa na harufu tamu, nikachukua tone nikaweka kwenye kioo cha hadubini, nikadondoshea rangi ya kupimia inaitwa methilini bluu. Seli iliyo hai inabaki nyeupe, iliyokufa inageuka bluu. Tulihesabu naye, kwenye kila kumi, saba zilikuwa bluu, na katikati yake vijiti virefu virefu vya bakteria. Alikaa kimya muda mrefu yule kijana, maana alishaweka staata ya hivyo hivyo kwenye ndoo tatu.

Sa kwako ilikuwaje. Hamira kavu ile dakika ya kwanza inapokutana na maji ngozi ya seli bado haijajirudi vizuri, haiwezi kuchagua kinachoingia na kinachotoka, ukiitupa kwenye maji mazito ya sukari, seli nyingi zinakufa hapo hapo, na kama maji yenyewe yalikuwa ya moto, yaani umepita nyuzi 45 hivi, umezipika. Hujaniambia nyuzi ngapi na naona hukupima, nunua kipimajoto kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Na hapa ndo wengi hawajui: hamira kavu haihitaji staata kabisa. Paketi ya gramu 11.5 imepimwa kwa ndoo kama yako. Unachemsha maji kikombe nusu, unayaacha yapoe mpaka nyuzi 30 hadi 35, hakuna sukari, unanyunyizia hamira juu bila kukoroga, unaiacha dakika 15, unakoroga taratibu, unamimina. Povu lisipotoka sawa tu, hujaipa chakula itatoa povu la nini.

Staata ni ya hamira ya maji, yaani inayouzwa ikiwa majimaji sio kavu, au ile unayoikinga chini ya ndoo ya bia iliyopita. Pakiti ya hamira ya maji mara nyingi ina seli kama bilioni 100, na kila mwezi inapokaa kwenye friji zinapungua, wakati ndoo ya lita 20 ya bia ya kawaida inataka bilioni 180 hivi. Kwa hiyo kazi ya staata ni kuzaliana, sio kuamka. Na haziwezi kuzaliana vizuri kwa sukari nyeupe tupu kwa sababu haina naitrojeni wala madini, tena hamira ikizoea sukari rahisi inakuwa mvivu kwenye sukari ya kimea, ambayo ndo imejaa kwenye bia. Chukua maji ya kimea yenyewe, haidromita (kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyomo) isome 1.035 hivi, chemsha dakika 15, poza mpaka nyuzi 22 mpaka 25, weka hamira, funika mdomo wa chupa kwa foili bila kukaza. Usikaze kizibo, gesi ikikosa njia chupa inapasuka na vioo vinaruka. Kila ukipita itikise, inataka hewa. Siku moja au mbili, kisha friji usiku mzima, asubuhi unaona tabaka la rangi ya krimu limelala chini, maji ya juu mwaga. Nusa: inukie kama mkate. Ikinuka kama maziwa yaliyoganda, tupa.

Ndoo yako pima na haidromita kabla ya yote, kuna bia zinachacha kimya kimya mfuniko ukiwa unavuja. Namba ikiwa haijashuka na harufu haijachachuka weka paketi mpya leo leo, ikinuka vibaya mwaga. Hamira ya mandazi imechaguliwa kwa kutoa gesi haraka, haitulii chini vizuri na ladha yake utaijua.

Ila hiyo urea ndo imenikasirisha. Wazee wetu Kilimanjaro wanapika mbege kwa ndizi, ulezi na gome la msesewa, na hakuna bibi aliyenifundisha mbolea. Urea ikikaa kwenye pombe inatengeneza ethili kabamate, kitu ambacho shirika la utafiti wa saratani la WHO limekiweka kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa kinaleta saratani kwa binadamu. Na anayekubali mbolea leo, pombe ikitoka dhaifu kesho anashauriwa aongeze spiriti. Mei 2014 Kenya watu zaidi ya 60 walikufa ndani ya siku chache, Embu, Kiambu na kwingine, wengine wakapofuka. Watu wanasema ni pombe ya kienyeji, sio kweli. Bia ya nafaka iliyochacha yenyewe haina methanoli, ile spiriti yenye sumu, ya kiasi cha kumuua mtu, ile ya Kenya ilichanganywa nayo. Kwa hiyo jirani akikuletea kichupa chochote cha kuongeza ukali, usipokee hata kama mmeishi naye miaka ishirini.