Kumbe Isiyolipiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya upelelezi inayotokea hapa Mwanza, kati ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba na mwalo wa Igombe. Rafiki yangu aliyeipitia amekata neno "kumbe" kila alipolikuta, akisema ni neno la vijiweni lisilofaa kuandikwa. "Ghafla" zangu ameziacha zote. Je, yuko sahihi? Baada ya "kumbe" kitenzi kiwe cha wakati gani? Na alama ya mshangao niiweke?

JIBU: Marahaba. Hayuko sahihi. "Kumbe" ni Kiswahili cha kusema na cha kuandika, na kazi yake hakuna neno jingine linaloiweza. Rafiki yako amemfunga asiye na hatia, mwenye hatia akamfungulia mlango.

Nianze na sarufi, maana ni fupi. "Kumbe" hufunua jambo ambalo tayari lilikuwa hivyo ila mtu hakulijua. Ndiyo maana hukaa vizuri na "alikuwa", "yupo", "ameshaondoka", "ndiye", "siye". Halipatani na "-ka-" ya masimulizi. "Kumbe akamchoma kisu" inakwaruza sikio, kwa kuwa "-ka-" husukuma kisa mbele ilhali "kumbe" humrudisha msomaji nyuma, akalitazame upya lile alilokwisha kuliona. Andika "kumbe alikuwa amemchoma kisu tangu jioni".

"Ghafla" limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa "ghafilika". Kwa hiyo linataka mtu aliyeghafilika, mtu asiyetazamia. Ukiandika "ghafla jua likazama nyuma ya Jiwe la Bismarck", nani kaghafilika? Jua la Mwanza huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na kila aliyekaa pale ufukweni analiona likienda. Waandishi wa hadithi za mfululizo za kwenye simu humaliza kila sehemu kwa "ghafla" ili msomaji arudi kesho. Hao nimekwisha kuwavumilia, maana msomaji asiporudi hadithi yao imekufa. Wewe unaandika kitabu.

Kinachonichoma moyo siku nyingi ni hii "kumbe" isiyolipiwa. Umesoma kurasa mia mbili. Umemshuku mke, umemshuku mdeni, umemshuku mlinzi wa getini. Ukurasa wa mwisho mwandishi anakwambia: "Kumbe muuaji alikuwa pacha wake aliyelelewa Bukoba!" Pacha gani? Kuzaliwa kwake hatukuambiwa. Mama yao hatukumsikia hata siku moja akihesabu watoto wake. Bukoba yenyewe haikutajwa, hata kwa tiketi ya meli iliyosahaulika mfukoni. Neno "kumbe" lina mwenzake asiyemwacha, nalo ni "nilidhani". Nilidhani amelala, kumbe amekufa. Nilidhani mgeni, kumbe mwenyeji. Kuhusu yule pacha mimi sikudhani lolote, kwa sababu sikupewa la kudhania. Hapo pana taarifa mpya tu, imevalishwa nguo ya "kumbe", na mimi niliyesoma kwa uaminifu nimedhulumiwa.

Wala si kilio cha leo. Mwaka 1929 kasisi mmoja Mwingereza, Ronald Knox, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitunga kanuni kumi za kuziandika. Ya kwanza inataka mhalifu atajwe mapema. Ya mwisho inakataza pacha asiyeandaliwa msomaji. Waswahili hatukuhitaji kumsubiri. Tulikuwa na "kikulacho ki nguoni mwako", na methali hiyo ndiyo riwaya ya upelelezi nzima: mtu unayemtafuta umekwisha kula naye, umemsalimia, amekusaidia kubeba jeneza.

Nikuonyeshe "kumbe" iliyolipiwa, kwa mali ya kwenu. Mnunuzi wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, anakutwa amekufa alfajiri, Igombe, katikati ya nyavu zilizoanikwa. Mshukiwa ni mvuvi wa dagaa. Anasema, "Usiku kucha nilikuwa ziwani, navua." Shemeji zake wawili, wavuvi wenzake, wanaapa kwamba ndivyo. Mpelelezi anaandika, anaondoka, na msomaji anamfuta mvuvi kwenye orodha yake.

Lakini katika sura ya pili, ulipokuwa unaieleza nyumba ya marehemu, ulisema siku ile ya mauaji watoto walicheza uani hadi usiku mwingi, kukiwa kweupe hata sindano ungeiokota. Msomaji alipita hapo akiona umepamba tu. Katika sura ya nne mama muuza dagaa pale Mwaloni alilalamika kwamba bei imepanda kwa kuwa mbalamwezi imewalaza wavuvi. Msomaji alimhurumia mama, akasonga. Kila kitu kiko mezani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza: samaki wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu juu ya maji, na mitumbwi hubaki imepanda mchangani. Msomaji wa Igombe anayajua haya tangu utotoni. Wa Dodoma asiyejua umemfundisha kwa kinywa cha yule mama, bila kusimamisha hadithi.

Mpelelezi akifika sura ya tisa na kusema, "Kumbe usiku ule hakuna mtumbwi wa dagaa uliotoka," msomaji atafungua tena sura ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Atajilaumu kwa kupita haraka, na hatakulaumu wewe. Huo ndio utamu wa riwaya hizi, na ndio unaomfanya mtu aisome tena ilhali muuaji anamjua.

Kuna "kumbe" moja ambayo sitaivumilia hata kidogo, hasa kwa mwandishi wa Kanda ya Ziwa: mganga anatazama ramli, anataja jina, kumbe ni bibi wa nyumba ya tatu. Katika ukanda huu ramli chonganishi zimeua vikongwe waliodhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka mingi. Mganga akitaka kuwemo katika kitabu chako, awemo, adanganye, aogopwe, hata asadikiwe na kijiji kizima. Asiwe yeye anayetegua fumbo. Muhammed Said Abdulla alilijua hili mapema. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 ina mzimu hadi kwenye jina lake, na mzimu huo unawatia watu hofu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anatafuta jibu miongoni mwa binadamu. Hofu ya mzimu ndiyo "nilidhani". Bila hiyo "kumbe" yake isingekuwa na uzito.

Basi zirudishe "kumbe" zako zote kwanza, kisha uziulize moja moja: msomaji alikuwa anadhani nini, na ni ukurasa upi uliomfanya adhani hivyo? Ukiuona ukurasa huo, "kumbe" ibaki. Usipouona, nenda kauandike, au ukate "kumbe" pamoja na pacha wake. "Ghafla" mwachie mhusika aliyeshtuka kweli, mlango ukifunguliwa akiwa na barua ya mwenzake mkononi.

Alama ya mshangao iweke pale mhusika anaposema kwa kinywa chake. Msimulizi akisema "kumbe", nukta inamtosha.