Wi-Fi Haifiki Chumba cha Nyuma: Mnauliza, Tunajibu

SWALI: Ruta yangu iko sebuleni, na hadi chumba cha mwisho kuna kuta tatu. Nilinunua ripita nikaichomeka koridoni. Sasa simu inaonyesha mistari yote imejaa, lakini video bado zinakwamakwama. Ninayo ruta ya zamani kabatini. Naweza kuivutia waya niitumie badala ya ripita?

JIBU: Unaweza, na ungeanza na hiyo ungeokoa fedha ya ripita. Ripita haina waya unaoiletea data. Husikiliza ruta kwa redio kisha hurudia yaleyale kwa redio, na yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Kasi hupungua kama nusu hata kabla ya kuta hazijachukua fungu lao. Mistari unayoiona inapima mawasiliano ya simu na ripita tu, haisemi lolote kuhusu ripita na ruta.

Ruta ya zamani uiandae mezani kabla ya kuipeleka chumbani. Bonyeza kwa pini kitufe cha "Reset", cha kufuta mipangilio yake ya zamani, sekunde kama 10 hivi, iunganishe na kompyuta kwa waya, ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Ukikuta chaguo la "AP" au "Access Point" (yaani kituo cha Wi-Fi tu), lichague, weka jina la Wi-Fi na nenosiri, basi, mengine itajipanga yenyewe.

Kama chaguo hilo halipo, anza na Wi-Fi: jina na nenosiri. Kisha badilisha anwani yake ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani ya nyumba. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia .100 hadi .200, hii ya pili ipe 192.168.1.2. Angalia kwanza, maana ruta nyingine hugawa kuanzia .2, na hapo itabidi upunguze eneo la mgao upande wa ruta kuu. Ingia tena kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP, huduma inayogawa anwani kwa vifaa. Hii iwe ya mwisho: ukiizima mapema kompyuta haitapewa anwani, nawe utajikuta umefungiwa nje ya ruta yako mwenyewe.

Waya utoke tundu la LAN la ruta kuu uingie tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, la kupokelea intaneti kutoka nje, liache wazi. Watu wengi huchomeka huko kwa sababu rangi yake ni tofauti na linaonekana ndilo la kuingizia. Intaneti itafika, na hilo ndilo linalodanganya, lakini ruta ya pili itakuwa imejenga mtandao wake pembeni: simu iliyo chumbani haitaiona printa iliyo sebuleni. Ruta zote mbili zikiwa zinatumia 192.168.1.x, hata intaneti yenyewe inaweza kugoma.

Na ukisahau kuzima DHCP, utakuwa na wagawaji wawili. Simu itakayojibiwa kwanza na ruta ya pili itaambiwa njia ya kutokea ni 192.168.1.2, ambako hakuna njia. Dalili yake ni intaneti kufanya kazi kwa simu moja na kukataa kwa nyingine, kisha kesho mambo yanageuka. Ripita ichomoe kabisa.

SWALI: Nimeweka kituo cha pili kwa waya na kinafanya kazi. Nikihama chumba, simu inang'ang'ania kile cha mbali. Niweke majina mawili tofauti?

JIBU: Hapana, jina liwe moja. Liandikwe sawasawa, herufi kubwa na ndogo zikiwemo, nenosiri lilelile na aina ileile ya ulinzi. Kimoja kikiwa WPA2 na kingine WPA3 peke yake, simu inaweza kukwama katikati.

Kinachotofautiana ni chaneli. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz; kituo kimoja kwenye 1, kingine kwenye 6 au 11. Kuchagua 3 ili "kukwepa" 1 na 6 ni kujitafutia kelele za pande zote mbili. Kwenye 5 GHz nafasi ni kubwa zaidi: 36 kwa kimoja, na 149 kwa kingine pale inaporuhusiwa.

Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa ruta. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Ukiwa umeweka nguvu ya kurusha juu kabisa, hapo hapafiki, na simu inabaki ilipo. Ishushe nguvu ya 2.4 GHz iwe ya kati kwenye vituo vyote viwili. Nguvu kubwa haina faida unayoidhania: ruta inapaza sauti, lakini simu haina pumzi ya kuijibu.

SWALI: Nimevuta waya wa mtandao wa Cat5e mita 30 na kukrimpi (kubana plagi) mwenyewe. Taa inawaka, ila kasi haivuki 100 Mbps wakati nalipia 300.

JIBU: Hakikisha kwanza ruta ya pili ina matundu ya gigabiti (Mbps 1000), nyingi za zamani huishia 100. Kama inayo, shaka iko kwenye plagi. Mbps 100 zinahitaji jozi mbili tu, nyaya za 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka zote nane, hivyo moja ya 4, 5, 7 au 8 isipogusa vizuri, vifaa hukubaliana kushuka.

Kata plagi zote mbili uanze upya kwa mpangilio wa rangi wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyoosha nyaya, zikate sawa zibaki kama sentimita 1.3, sukuma hadi uone ncha za shaba mbele ya plagi, na ganda la nje liingie chini ya kibano. Urefu si tatizo, Cat5e hubeba gigabiti hadi mita 100. Lakini ukikwangua unyaya ukaona rangi ya fedha ndani, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hukatika kirahisi kwenye plagi. Badilisha.

SWALI: Nikichomeka waya wa pili kati ya ruta hizo mbili ili kasi iongezeke, nyumba nzima inakosa intaneti. Kwa nini?

JIBU: Umetengeneza duara. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote hutoka kwa waya mmoja, hurudi kwa mwingine na kuzunguka bila kukoma, hadi matundu yote yanajaa. Chomoa mmoja, na mtandao usiporudi baada ya sekunde chache zima ruta zote mbili uziwashe tena.